SIRIUS: kabla ya jina, mti

Nafanya kazi na majani ya mlonge, na kila sampuli ikitoka kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, huja na msururu wa ioni (molekuli zenye chaji) zisizo na jina. Maktaba za spektra (rekodi za vipimo hivyo) kama MassBank hutambua chache tu. Zinazobaki nazipeleka SIRIUS, programu ya kundi la Sebastian Böcker katika Chuo Kikuu cha Friedrich Schiller kilichopo Jena, Ujerumani. Naipenda kwa sababu moja kubwa: haikupi jina ukaliamini hivi hivi, inakuchorea mti.

Chukua ioni yenye uzito (m/z) 465.1028. SIRIUS inaanza kwa kutafuta fomula: inaangalia masi na isotopu, halafu inapanga vipande vya molekuli kuwa mti, na kwenye kila tawi inaandika kilichong'oka. Hapa tawi kuu linaishia 303.0499. Tofauti ni 162.053, yaani C6H10O5: sukari imetoka, kwasetini, flavonoli ya mimea, imebaki. Mti huo naukagua mwenyewe, na tawi lisiloingia akilini kikemia nalikataa.

Kisha CSI:FingerID, zana iliyomo ndani ya SIRIUS na iliyochapishwa 2015, inakadiria alama za vidole za molekuli, yaani ina pete ya aina gani, ina vikundi gani, na kuzilinganisha na hifadhidata za miundo. PubChem peke yake ina miundo zaidi ya milioni 100, wakati spektra zilizopimwa ni za sehemu ndogo sana ya hiyo. Kwetu sisi wa mimea ya dawa, pengo hilo ndiyo kazi yenyewe.

Linaloniuma ni kuona jina la kwanza kwenye orodha likiingizwa kwenye tasnifu kana kwamba limethibitishwa. Kwasetini yenye glukosi na ile yenye galaktosi zote ni C21H20O12, na vipande vyake vinakaribia kufanana kabisa. Programu haiwezi kuona kisichokuwemo kwenye data! Tafuta kampaundi safi ya kulinganishia, ipitishe kwenye kolamu ileile ya kromatografia iliyopitishwa sampuli, uangalie kama zinatoka kwa wakati mmoja. Bila hiyo mimi naandika kundi tu, "flavonoli yenye sukari", na hapo CANOPUS, iliyomo humohumo, inasaidia sana kwa sababu inakadiria kundi hata kama muundo haumo kwenye hifadhidata yoyote.

Kwa wanataaluma ni bure, unajisajili kwa barua pepe ya chuo. Makampuni yanapitia kampuni ya Bright Giant. Fomula zinakokotolewa kwenye kompyuta yako, ila CSI:FingerID na CANOPUS zinategemea seva, kwa hiyo hakikisha una intaneti. Molekuli kubwa zinachukua muda na kumbukumbu nyingi. Anza na ndogo. Na data iwe ya Orbitrap au Q-TOF, spektromita zinazopima masi kwa usahihi mkubwa. Kwadrapoli ya kawaida, aina rahisi zaidi ya spektromita, haipimi desimali ambazo mti wote unazitegemea.