TAHADHARI: Wakala wa "vyuo vya India" anayezunguka Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Kusini, hasa wazazi wenye kijana aliyemaliza kidato cha sita, naomba msome hadi mwisho kabla hamjatoa hela.

Kuna wakala ana fremu hapa Mtwara mjini, na nimeshaambiwa ameonekana Lindi na Masasi pia. Jina silitaji kwa sababu jalada limefunguliwa polisi na RB, yaani namba ya taarifa yetu, tunayo. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, ukikutana naye utamjua tu.

Matokeo ya mdogo wangu yalitoka Julai, akafaulu vizuri. Ndani ya wiki mbili wakala akawa anampigia simu kila siku: chuo kimemkubali, kuna ufadhili wa asilimia 70 kutoka serikali ya India, nafasi zimebaki nne, mwisho wa kulipa ni tarehe 25 Agosti. Sasa ninyi wenzangu mnaijua Agosti ya kwetu. Korosho bado, mnada wa kwanza haujaitwa, nyumbani hakuna hela. Mzee wetu kule Tandahimba aliuza kangomba, korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ambayo hata kuiandika naona uchungu. Shilingi 350,000 ya usajili. Kisha 1,200,000 ya kushika nafasi. Kisha 1,450,000 ya viza na bima. Mwisho 1,850,000 ya muhula wa kwanza. Jumla 4,850,000, zote zimetumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na jina lililokuwa linatokea halikuwa la kampuni. Tuliliona. Tukajiambia labda ni mhasibu wao.

Barua ya udahili ilikuja nzuri, ina muhuri na nembo ya chuo ambacho kweli kipo. Baruapepe iliyoandikwa chini yake ilikuwa ya Gmail. Mimi nilikuja kuiona barua hiyo mwishoni mwa Septemba, nikatafuta tovuti ya chuo chenyewe, nikawaandikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao. Walijibu baada ya siku mbili kwamba namba ile ya udahili hawaitambui. Siku mbili tu, na bila gharama yoyote. Tungefanya hivyo Agosti, mzee angekuwa na korosho zake.

Mama alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, akaomba azungumze na Mtanzania anayesoma huko. Wakala akamuunganisha na kijana kwa simu ya video, saa 11:30 jioni ya kwetu. Kijana mpole, anamwita "mama yangu", anamwahidi atampokea mdogo wetu uwanja wa ndege. Nyuma yake ukutani jua linawaka. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo muda ule kwao ni saa 2:00 usiku. Hakuna aliyelifikiria hilo siku ile. Mama alilia kwa furaha.

Yapo mengine aliyotudanganya ambayo mzazi anaweza kuyapima mwenyewe. Alisema mdogo wangu atafanya vibarua huko ajilipie ada ya mwaka wa pili. Viza ya mwanafunzi ya India hairuhusu kufanya kazi ya malipo. Huo ufadhili wa serikali ya India upo kweli, unatolewa kupitia taasisi yao iitwayo ICCR, lakini mwombaji anaomba mwenyewe mtandaoni na hadaiwi ada ya maombi. Ukutani alitundika cheti cha BRELA, nacho kinaonyesha biashara imesajiliwa, basi. Wanaosajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na orodha yao iko kwenye tovuti ya TCU. Yeye hayumo.

Kinachoniuma kuliko hela ni kwamba alimzuia kijana asiombe vyuo vya hapa nchini. Alimwambia akionekana ameomba kwingine India watamfuta. Madirisha ya udahili yakapita, la Bodi ya Mikopo nalo likafungwa. Mwaka mzima umekwenda.

Na moyo wake je? Tulishamsomea dua ya safari. Nguo zake aligawia wadogo zake, mama akanunua sanduku na sweta, majirani wakachanga. Sasa hivi akitoka nje anaulizwa "unaondoka lini?" Alikaa ndani karibu mwezi mzima, hata kula hakuli vizuri. Nawaomba sana, mkimwona kijana wa aina hii msimcheke. Na dua ya safari au sherehe ya kuaga isubiri viza iwe mkononi na mmeihakiki.

Haraka ile ya wakala ilitunyima pia mazungumzo ambayo familia inapaswa kuwa nayo. Hatukuwahi kukaa chini tukahesabu mwaka mzima: ada, hosteli, chakula, bima, nauli ya kwenda na akiba ya kurudi ghafla msiba ukitokea. Wala hatukumuuliza yeye mwenyewe kama yuko tayari kuumwa malaria mahali ambapo hamjui mtu, au kukaa Ramadhani na Idi bila kuona uso wa nyumbani. Hela ya muhula mmoja tuliiita maandalizi. Safari ya kweli ikija, tutaanza na hayo, na Mtanzania wa kuzungumza naye tutamtafuta wenyewe.

Kama ulishamlipa, usifute meseji wala usirushiane naye maneno. Piga picha za skrini, chukua taarifa ya miamala kwa mtandao wako wa simu, nenda kituo cha polisi ufungue jalada. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na walalamikaji tukiwa wengi shauri linapata uzito. Meseji zake za kuomba hela zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ukihitaji kuona barua yetu ya bandia uilinganishe na yako, niandikie, nitakutumia.

Mdogo wangu sasa yuko Tandahimba na mzee, wanaokota korosho. Pasipoti yake ni halali, tuliilipia 150,000 Uhamiaji kwa namba ya malipo ya serikali. Mama ameifunga kwenye khanga, ameiweka ndani ya lile sanduku.