Nilikwenda mkahawani na mvinyo wangu: nyota nne kati ya tano

Nianze na aibu yangu. Zamani niliwahi kuingia mkahawa mwingine na chupa kwenye mfuko, nikaitua mezani kana kwamba niko sebuleni kwangu. Mhudumu akaitazama, akanitazama, akaenda kumwita meneja. Meneja akanieleza, kwa upole ulionichoma zaidi ya ukali, kwamba leseni yao hairuhusu mteja kunywa pombe aliyokuja nayo. Chupa ikashinda chini ya kiti.

Safari hii nilipiga simu siku mbili kabla. Mnaruhusu? Ada ya kufungua chupa ni kiasi gani? Mwisho chupa ngapi? Nikajibiwa bila kuzungushwa: chupa mbili kwa meza, ile kubwa ya lita 1.5 inahesabiwa mbili, na nisilete mvinyo uliomo kwenye orodha yao. Hilo la mwisho wengi hatulijui. Kuleta kinywaji ambacho mwenyeji anakiuza ni kama kumfungulia genge mlangoni pake. Nikaipitia orodha kwenye tovuti yao, na kweli, kati ya chupa mbili nilizozikusudia, moja ilikuwemo. Nikaiacha nyumbani.

Iliyobaki ilikuwa Bordeaux, mvinyo mwekundu wa Ufaransa, ya mavuno ya 2005, niliyoitunza miaka mingi nikisubiri kumbukumbu ya ndoa yetu. Kwangu mimi chupa ya kubebwa ni kama hiyo, yenye kisa chake. Ukibeba ya bei poa kwa kukwepa bei za mkahawa, ada yenyewe huenda ikafika bei ya chupa, na hapo sioni umeokoa nini.

Mvinyo mwekundu uliokaa sana huwa na mashapo, kwa hiyo niliisimamisha chupa tangu jana yake ili yatue chini, na njiani niliipakata kama mtoto mchanga. Mhudumu mkubwa aliipokea vizuri. Kizibo kilikuwa kimechoka, kikakatikia ndani. Hakuhangaika, akakitoa kipande kwa kipande. Kisha akaumimina mvinyo kwenye jagi taratibu, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, akakoma pale tu mashapo yalipoanza kuja. Nilikuwa nikinung'unika moyoni kuhusu ile ada. Nikaacha. Jagi, glasi nne safi, kuziosha, hatari ya kuzivunja, na ile chupa ambayo hawakuniuzia: yote hayo yamo humo.

Nikamkaribisha aonje kidogo. Halazimiki mtu kufanya hivyo, ila ni ungwana, na uso wake ulionyesha kwamba hapati bahati hiyo kila siku. Tulikuwa tumeanza na mvinyo mweupe wa kwao. Kuna mikahawa inayofuta ada ukinunua chupa yao. Hawa hawafuti, nami sikudai. Bakshishi niliikokotoa kana kwamba ile Bordeaux tumeinunua pale, maana kazi aliyoifanya haikupungua.

Sasa nyota iliyopotea. Mhudumu mkubwa aliitwa meza nyingine, akaja kijana mwenye haraka zake. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za wastani. Yeye alitujazia hadi ukingoni, na chakula chenyewe kilipofika jagi lilikuwa tupu. Ningekuwa nimenunua kwao ningeagiza nyingine. Hii haikuwa na nyingine, si pale wala popote ninapopajua.

Tahadhari moja: chupa ya mkahawa ikinuka boksi lililoloa, dalili kwamba mvinyo umeharibika, unairudisha wanakubadilishia. Yako ikinuka hivyo, ni msiba wako, na ada wanaweza kuidai vilevile.

Nitarudi. Ile chupa niliyoiacha nyumbani bado ipo, na orodha yao naichungulia kila mwezi kuona kama wameiondoa.