Floti ya Tangi la Maji: Kagua Kipini Kabla Hujalipa

Mwezi uliopita maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yalifika kwetu Tabata saa nane usiku, na kwa kuwa sisi tunaoishi kwa mgawo huacha koki wazi ili tangi lijae tukiwa tumelala, hakuna aliyejua kwamba floti (ile koki yenye boya inayofunga maji tangi likijaa) niliyoifunga miezi mitano tu iliyopita ilikuwa imeachia, mpaka jirani aliponigongea dirisha alfajiri kunieleza kuwa uwanja wake umejaa maji. Nilipopanda mnarani nilikuta mkono na boya vimedondokea ndani ya tangi. Kipini kinachoushikilia mkono kwenye mwili wa floti, kitu chembamba kama njiti ya kiberiti, kilikuwa kimekatika: nje kimebaki na rangi ya dhahabu, ndani ni kutu tupu.

Kwa hiyo sitajadili ukubwa wa floti, nusu inchi au robo tatu, kwani fundi wako atakupimia. Ninachokuomba ni kwenda dukani na sumaku, hata iliyotolewa kwenye spika mbovu, na kuigusisha kwenye kipini, mkono na skrubu. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi, na kwa wenzetu wa Kigamboni wanaojazia tangi maji ya kisima yenye chumvi, sitarajii kimalize mwaka.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni Pegler ya Uingereza, ya brasi. Katika niliyoifunga sasa sumaku haikunasa popote, na raba ya pistoni, ile inayoziba maji, ikichakaa utabadilisha raba peke yake badala ya kununua floti nzima. Ya pili ni ya plastiki, ambayo haishiki kutu lakini nyuzi zake za kufungia kwenye bomba huharibika upesi fundi akiikaza kwa nguvu za spana. Zile za rangi ya dhahabu zinazoning'inizwa mlangoni mwa duka ni nafuu, basi.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Kwenye maduka ya vifaa ya mtaa wa Gerezani bei ya fundi ni moja na ya mama mwenye nyumba ni nyingine, kwa floti ileile. Aliyeniuzia ile ya kwanza aliniapia kuwa ni brasi tupu, na niliporudi na kipini kilichokatika alinidai risiti ambayo yeye mwenyewe hakunipa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, palepale, na muuzaji asiyekubali kufungua pakiti ili uguse kwa sumaku, muachie floti yake.