Kadi ya American Express Platinum ya Uingereza na ya Marekani: Sura Moja, Tabia Mbili

Sikilizeni hii kwanza. Ngaa! Hiyo ya Uingereza. Na hii... ngaa! Hiyo ya Marekani. Mmesikia tofauti? Hata mimi sijasikia. Zote chuma, zote zina yule askari wa Kirumi katikati. Namba nimeziba kwa plasta, kwa hiyo wale mnaosimamisha video na kuvuta picha, poleni.

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Najua nimepotea wiki sita, zamu za usiku zilinibana, lakini maiki mpya si mnaisikia?

Leo ni American Express Platinum. Habari za pointi sizirudii, video yake ipo. Hii kwa asili ni kadi ya kutumia halafu mwisho wa mwezi unalipa bili yote, hakuna cha nitamalizia mwezi ujao. Mnaniandikia, "Kaka, Platinum si Platinum tu?" Hapana! Na leo nina shahidi. Dada yangu, mtoto wa shangazi, kaja kwangu hapa Reading, Uingereza, likizo kutoka Dallas, Marekani, na hii ya pili ni kadi yake. Yuko nyuma ya kamera, hataki kuonekana, anasema hajasuka.

Bei tuimalize haraka. Yangu paundi 650 kwa mwaka. Yake ilikuwa dola 695, mwaka 2025 ikapandishwa hadi dola 895. Mama zetu wakijua wataita kikao.

Sasa kinachonikera. Sogeeni hapa. Hii ni risiti ya hoteli Nungwi, usiku tano, ukigeuza kwa paundi ni 900. Tuseme ningelipa kwa Platinum yangu. Malipo yoyote yasiyo ya paundi yanakatwa asilimia 2.99. Kikokotoo hiki hapa: 900 mara 2.99, gawa kwa 100... mnaona? Paundi 26 na peni 91. Nimeongezewa nini? Shuka? Kifungua kinywa? Hakuna, kosa langu ni kutolipa kwa paundi. Hela hiyo nipe jioni moja Forodhani: urojo, mishkaki, pizza ya Zanzibar, juisi ya miwa, tunakula ukoo mzima na chenji inarudi.

Haya, weka kadi ya dada kwenye risiti hiyo hiyo. Makato ya fedha za kigeni: sifuri. Na linaloniuma zaidi, kadi ya benki ya Chase ya hapa hapa Uingereza, isiyo na ada ya mwaka, nayo haikati kitu. Ndiyo niliyolipia! Yaani ya paundi 650 nimeificha kwenye soksi ndani ya begi, nalipa kwa ya bure.

Tena hapo tunaongelea hoteli inayopokea American Express. Mtolee hii muuza duka Kariakoo, atakuuliza inafungua mlango gani.

Kwa hiyo ya Marekani imeshinda? Juzi ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Jana tumekaa na dada mezani, nikaanza kuyumba.

Kwanza bima. Yangu ina bima ya safari ndani yake, mpaka matibabu ukiumwa ugenini. Yake wanaweza kukupangia usafirishwe ukizidiwa, lakini bili ya hospitali ni yako na Mungu wako. Mtu mwenye watoto wadogo anayekwenda nyumbani kila Desemba, hapo atanielewa.

Halafu launji, vile vyumba vya kupumzikia uwanja wa ndege. Kwa Priority Pass yangu, kadi ya kuingilia launji inayokuja na Platinum, naingia na mgeni mmoja. Kadi ya ziada ya kwanza ya Platinum hailipiwi, kwa hiyo mke wangu ana Priority Pass yake na mgeni wake. Watu wanne tumekaa, tunakula. Dada akitaka Platinum ya ziada ni dola 195. Na zile Centurion Lounge, launji za American Express wenyewe, ambazo nyingi ziko Marekani kwenyewe, mgeni analipiwa dola 50, labda uwe umetumia dola 75,000 kwa mwaka. Elfu sabini na tano! Dada anacheka huku.

Wadau wa Muscat, nimeona maswali yenu. Nyingi za Ghuba zinatolewa na American Express Middle East yenye makao Bahrain, hizo ni habari nyingine. Zipo pia kadi za dola na yuro za wanaoishi nchi nyingine. Laiki zikifika elfu nakuja nazo. Na unayehama nchi, waulize habari ya kuhamisha kadi: wanaweza kutazama historia yako ya huku unapoomba ya kule, usianze kama mtoto mchanga.

Sasa kuponi. Ya Marekani imegeuka daftari la kuponi. Dola 15 za Uber, za usafiri au chakula, kila mwezi, Desemba 35, usipozitumia zinayeyuka. Dada ameweka alamu tarehe ya mwisho ya mwezi, anaagiza chakula hata kama kapika pilau. Na zinafanya kazi Marekani tu, ukiwa...

Ngojeni. Dada, simu yako hiyo inalia. Eh? Leo tarehe 31?

Si uko Reading wewe! Utaagizia wapi?