Mtihani wa Kijerumani A1: unachopima, na pale watahiniwa wa Mombasa wanapoteleza

Start Deutsch 1, mtihani wa Kijerumani wa A1 (ngazi ya chini kabisa) wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, hudharauliwa sana na watu wanaoulipia. "Ni A1 tu," husema, mtihani wa kusalimiana na kuhesabu. Ukweli ni kwamba umepangwa vizuri na kwa haki. Kinachowaangusha watu ni maandalizi yasiyolingana nao.

Maandishi huchukua dakika 65: kusikiliza 20, kusoma 25, kuandika 20. Kisha huja mazungumzo ya kikundi, kama dakika 15. Kupita ni alama 60 kwa 100.

Kusikiliza ndiko kugumu. Sehemu ya kwanza ina maswali 6 na ya tatu ina 5, na zote mbili huchezwa mara mbili. Ile ya katikati, maswali 4, ni matangazo ya hadharani, nayo huchezwa mara moja tu, kama tangazo la treni pale Miritini: likipita limepita. Kwa hiyo swali lisomwe kabla sauti haijaanza. Halafu kuna tarakimu. Kijerumani hutanguliza mamoja kabla ya makumi, hivyo 53 ni dreiundfünfzig, yaani "tatu na hamsini", na anayeandika kwa kufuata sikio huishia na 35. Zoea kuandika 3 huku ukiacha nafasi kushoto kwake, kisha 5 ujaze pale.

Kwa matamshi, watu wa Pwani wana mtaji ambao walimu wengi hawautumii. Anayetamka kheri kwa kh ya sawasawa hana shida na acht wala Nacht. Shida ni ch nyembamba ya ich, ambayo wengi huigeuza sh, na konsonanti zilizosongamana: Straße hutoka "sitarase", und hutoka "undi". Lafudhi peke yake haikuangushi maadamu neno linaeleweka.

Kutaja herufi za jina lako ni sehemu ya mazungumzo, na hapa Kiswahili kinasaidia kuliko Kiingereza. A, E na I za Kijerumani husomwa kama zetu. Mtahiniwa aliyezoea kutaja herufi kwa Kiingereza humsomea mtahini E kwa sauti ya "i", na jina linaandikwa kombo. W ni "ve", V ni "fau", J ni "yot". Mwenye jina kama Mwajuma afanye mazoezi mpaka litoke bila kusita.

Kadi ya kujitambulisha ina maneno machache: jina, umri, nchi, unapoishi, lugha, kazi, unachopenda kufanya. Kwenye lugha, wengi hujibu Ich spreche Englisch (nazungumza Kiingereza), basi. Hilo linaniuma. Mwaka 2002 huko Barcelona, viongozi wa Umoja wa Ulaya waliweka lengo la kila mtoto kufundishwa lugha mbili zaidi ya ile ya mama tangu akiwa mdogo. Utafiti wa Eurobarometer uliotolewa 2024 ulikuta asilimia 59 ya watu wa Umoja huo wanaweza kuzungumza angalau lugha moja ya ziada. Tofauti kati ya nchi ni kubwa: katika utafiti wa 2012 Uholanzi ilikuwa na asilimia 94, Italia 38. Mtoto wa Likoni mwenye Kidigo nyumbani, Kiswahili kivukoni na Kiingereza darasani amekwisha fikia lengo la Barcelona, kisha mbele ya mtahini anaificha lugha ya mamake. Zitaje zote. Ni sentensi sahihi zaidi, na kipimo chenyewe cha ngazi za A1 hadi C2, kilichotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, huuliza unaweza kufanya nini kwa lugha.

Kuandika kuna fomu yenye nafasi 5 na barua fupi ya maneno kama 30 yenye hoja tatu. Barua ya kukariri ndiyo hatari: inakuwa ndefu, inapendeza, na hoja moja imeachwa. Kosa jingine ni kuanza na Sehr geehrte Damen und Herren, salamu rasmi, kisha ukaendelea na du, yaani "wewe" ya kirafiki. Ni sawa na kumwamkia mzee shikamoo, halafu ukamuuliza "mambo vipi?"

Daftari la msamiati liwe na der, die au das, vineno vinavyoonyesha jinsia ya nomino, kando ya kila nomino. Ngeli zetu huonekana kwenye neno lenyewe, kitabu na vitabu, lakini umbo la Tisch (meza) halikwambii kwamba ni der.

Cheti hiki kinamtosha anayemfuata mwenzi wake Ujerumani, sharti lililopo tangu 2007, na anayekwenda kama au pair, kijana anayeishi na familia huko akisaidia kulea watoto. Muuguzi atakayetaka kutambuliwa huko asikiweke mbele, kwa sababu yeye huulizwa B2, ngazi ya juu zaidi, kwa kawaida.

Sasa hesabu ya muda. Goethe-Institut hukadiria vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45 kufikia A1, yaani saa 60 hadi 150. Ukisoma saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, hizo ni wiki 6 hadi 15. Darasa likikuahidi A1 kwa wiki mbili, uliza ni saa ngapi kwa siku kabla hujatoa shilingi.