Packet Tracer ilivyonielewesha subneti: uzoefu wangu

Miezi miwili nilikuwa nakariri tu subneti, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa midogo, na maski zake, namba zinazoonyesha ukubwa wa kila kipande. /26 ni 255.255.255.192, /27 ni 255.255.255.224, /28 ni 255.255.255.240. Swali likigeuzwa kidogo, nimepotea. Kilichonikwamua ni Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao. Haiuzwi, unajisajili Cisco Networking Academy, unaipakua.

Zoezi lililonikaa kichwani ni la shule ya kubuni yenye mtandao wa 192.168.10.0/24, yaani anwani 256 za kugawa: maabara kompyuta 40, walimu 25, ofisi 12. Hesabu nilifanya kwa kalamu kwanza, na nasisitiza hilo, maana programu haikuhesabii. Kompyuta 40 zinahitaji biti 6, yaani anwani 64. Ukitoa ya mtandao wenyewe na ya brodikasti, ile ya kutumia kompyuta zote kwa mpigo, zinabaki 62. Maabara ikachukua .0 hadi .63, walimu .64 hadi .95, ofisi .96 hadi .111. Nilijaribu pia kuanza na ofisi. Ikakaa .0 hadi .15, lakini maabara haikuweza kufuatia .16, kwa sababu fungu la 64 huanzia kwenye 0, 64, 128 au 192 tu. Ndiyo maana mwalimu alikuwa akisema kubwa litangulie!

Kisha nikachora: rauta ya 2911, kifaa cha kuunganisha mitandao, yenye milango mitatu, na swichi tatu za kuunganisha kompyuta za kila kundi. Nikapingi, yaani nikatuma ujumbe wa kujaribu kama kompyuta ya upande wa pili inajibu, kutoka maabara kwenda ofisini, kimya. Nikahamia sehemu ya Simulation, ambako pakiti huonekana kama bahasha ikitembea hatua kwa hatua. Bahasha ikapita swichi, ikapita rauta, ikaingia kabisa kwenye kompyuta ya ofisi. Jibu ndilo halikutoka. Anwani sahihi, maski sahihi, ila kompyuta ile sikuiandikia getiwei, yaani anwani ya rauta ya kutokea nje ya subneti yake, 192.168.10.97. Ilipokea salamu bila kujua mlango wa kuijibu. Nikaandika, nikarudia, majibu yakaja. Mpaka siku hiyo nilidhani pingi ikigoma basi tatizo liko kwa anayetuma.

Angalizo moja: ukiingiza anwani inayoanza na 192, programu hujaza yenyewe maski ya 255.255.255.0. Ibadilishe kabla hujaendelea.

Kwa anayejiandaa na CCNA, mtihani wa cheti cha mitandao wa Cisco, naipendekeza kwa moyo wote. Mimi sasa narudia zoezi lilelile kwa 172.16.0.0/16, bado kwa kalamu kwanza.