GitHub Actions kutoka Lubumbashi: uzoefu wangu wa kusoma alama na logi zake

Naipenda GitHub Actions, huduma ya tovuti ya GitHub inayojenga na kujaribu programu yenyewe kila msimbo unapobadilika, na sina mpango wa kuiacha. Hata hivyo, kila kijana anayeanza kazi ofisini kwetu namwambia neno moja kabla ya mengine: alama ya kijani usiiamini mpaka umesoma logi yake, yaani maandishi ya yote yaliyotokea kazi ikiendeshwa.

Sisi tunatengeneza programu ya simu ya kuandikia mauzo, inayotumiwa na wauzaji wa jumla wa soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila. Bei zinaingizwa kwa faranga na kwa dola. Kila msimbo ukibadilishwa na kusukumwa kwenye GitHub, mashine ya mbali inauchukua, inajenga programu, inaendesha majaribio, kisha inatoa jibu: tiki ya kijani, msalaba mwekundu, duara la njano linalozunguka, au alama ya kijivu. Hapa nazungumzia jibu hilo tu. Linasema nini, linaficha nini, na maandishi yaliyo nyuma yake yanasomwaje.

Kabla ya hapo tulikuwa na Jenkins, programu ya kazi hiyo hiyo, kwenye mashine ya ofisini, Bel-Air, komini ya Kampemba. Jenkins ni chombo kizuri. Inakupa logi nzima bila mapambo, na mstari wake wa mwisho haufichi kitu: "Finished: SUCCESS", "FAILURE", "ABORTED" au "UNSTABLE". Hiyo UNSTABLE naikumbuka mpaka leo, maana inatenganisha programu iliyokataa kujengwa na ile iliyojengwa vizuri lakini majaribio yake yakaanguka. Kilichotuhamisha ni umeme. Ukikatika, logi nayo inakatika katikati ya neno, na asubuhi hakuna anayeweza kusema kama msimbo ulikuwa na kosa au mashine ilizimika tu. GitHub Actions, iliyofunguliwa kwa watu wote Novemba 2019, inaendesha kazi kwenye mashine za GitHub yenyewe. Giza likiingia Kampemba kazi inaendelea, na matokeo nayasoma kwenye simu.

Logi yake imepangwa kwa hatua, kila hatua imekunjwa, na ile iliyoshindwa inawekwa alama nyekundu. Wengi wanaishia kwenye mstari mwekundu wa chini: "Error: Process completed with exit code 1." Mstari huo hausaidii. Unakuambia kwamba amri imeshindwa, jambo ambalo msalaba umeshakuambia. Sababu iko juu yake, mara nyingine mamia ya mistari juu. Kwa Gradle, chombo kinachojenga programu yetu, tafuta maneno "What went wrong". Kwa makosa ya kukusanya msimbo, nenda kwenye kosa la kwanza kabisa, maana yale mengine kumi yanayofuata mara nyingi limeyazaa lenyewe.

Namba ya mwisho, ile exit code ambayo amri inaitoa ikimaliza, ikiwa si 1, ishukuru, kwa sababu imebeba habari. 127 maana yake amri haikupatikana. 126, faili ipo lakini hairuhusiwi kuendeshwa. Zikizidi 128, toa 128 upate namba ya ishara iliyoua programu: 137 ni ishara ya 9, na mara nyingi ni mfumo ulioishiwa kumbukumbu ukaamua kuua programu; 143 ni ishara ya 15, programu imeambiwa isimame; 134 ni ishara ya 6, programu imejivunja yenyewe, kama Node, chombo cha kuendesha JavaScript, inavyofanya kumbukumbu yake ikijaa. Gradle lakini inaweza kukupoteza hapa. Kazi yake inafanywa na mchakato wa nyuma, na huo ukiuawa kwa kukosa kumbukumbu, namba inayotoka ni 1 ya kawaida. Kitakachokusaidia ni sentensi: "Gradle build daemon disappeared unexpectedly". Ukiiona hiyo, usipoteze saa nzima ukikagua msimbo. Kagua kumbukumbu uliyoipa Gradle.

Sasa nieleze kwa nini siiamini kijani. Kijana wetu wa mafunzo alinijia, akiniita Yaya kama huku mtu anavyomwita mkubwa wake, akisema, "Yaya, kote ni kijani, lakini kwa mteja mmoja bei ya dola inatoka vibaya." Mteja alikuwa ameandika 12,50 na simu ikahifadhi 1250. Dola kumi na mbili na nusu zimekuwa dola elfu moja mia mbili hamsini. Nikamwambia tufungue logi ya kazi ile ya kijani, hatua kwa hatua. Ndani ya hatua ya majaribio, katikati ya ukurasa, palikuwa pameandikwa wazi wazi "BUILD FAILED". Na juu ya hatua hiyo hiyo, tiki ya kijani.

Siri ilikuwa kwenye mstari ulioachwa na waliotutangulia katika mradi:

./gradlew test | tee matokeo.txt

Ile alama ya kusimama inapeleka maandishi ya Gradle kwa tee ili yahifadhiwe kwenye faili. Amri mbili zikiunganishwa hivyo, bash, programu inayoendesha amri hizi, inahesabu matokeo ya ile ya mwisho. Gradle imeanguka, tee imeandika faili yake bila shida na kutoa 0, maana yake imefaulu, basi hatua ikahesabiwa kuwa imefaulu. GitHub Actions inaeleza jambo hili kwenye maelekezo yake: usipotaja shell (programu ya kuendesha amri, kama bash) yoyote kwenye Linux, hatua inaendeshwa kwa "bash -e", ukiandika "shell: bash" inaendeshwa pamoja na "-o pipefail", ambayo inaangalia kila amri kwenye mnyororo. Yaani tofauti kati ya kijani cha uongo na chekundu cha kweli ni maneno mawili kwenye faili la YAML, lile lenye maelekezo ya kazi. Tuliyaandika, tukasukuma, msalaba mwekundu ukatokea, na mimi nikafurahi kuuona.

Bado tulikuwa hatujajua kwa nini jaribio linaanguka kule wakati kwenye kompyuta zetu zote linapita. Logi ilikuwa na mstari mmoja tu: "java.lang.AssertionError at BeiTest.java:27". Hivyo ndivyo Gradle inavyofupisha bila kuulizwa. Inataja aina ya kosa na mahali, kisha inakuelekeza kwenye ripoti iliyoko "file:///home/runner/work/...". Ripoti hiyo iko kwenye mashine inayotupwa kazi ikiisha, kwa hiyo ukibofya hupati kitu. Dawa ni mbili, na tumeziweka zote. Ya kwanza, kwenye build.gradle, sehemu ya testLogging, weka exceptionFormat iwe "full". Ya pili, ongeza hatua ya upload-artifact yenye "if: failure()", ili folda ya ripoti ihifadhiwe hasa pale mambo yanapoharibika. Bila sharti hilo, hatua ya kuhifadhi inarukwa kwa sababu ile iliyotangulia imeanguka, na unakosa ripoti siku ile ile unayoihitaji.

Baada ya hapo logi ilisema: "expected:<12.5> but was:<1250.0>". Kompyuta za huku, kama zilivyo nyingi Kongo, zimewekwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa mkato ndio unaotenga senti. Mashine za GitHub ziko kwa Kiingereza, ambako mkato unatenga maelfu, kwa hiyo Java ikisoma "12,50" inapata 1250 bila kulalamika. Simu ya yule mteja nayo ilikuwa kwa Kiingereza. Paipulaini, yaani mfululizo huu wa hatua, ilikuwa imeliona tatizo lake kabla hajalipata, ikaliandika, na alama ya kijani ikalifunika. Tulirekebisha kwa kutaja lugha ya hesabu ndani ya msimbo badala ya kuifuata lugha ya simu. Kwa timu yoyote ya Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa ningeshauri mashine za mbali zibaki na Kiingereza chake na kompyuta zenu zibaki na Kifaransa. Tofauti hiyo ni jaribio la bure.

Jambo linalofanana na hilo ni la wenzetu wanaoandika kwenye Windows. Ukikuta kwenye logi "env: 'bash\r': No such file or directory", usiitafute bash, ipo. Hiyo \r ni alama ya mwisho wa mstari ya Windows iliyojipenyeza kwenye skripti. Weka "*.sh text eol=lf" kwenye faili la .gitattributes, kisha uihifadhi upya skripti yenyewe.

Saa pia zinachanganya. Kila mstari wa logi una saa yake, ila kwenye logi ghafi saa hizo ni za UTC, saa ya kimataifa. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa saa moja. Logi ikiandika 06:14, kwetu ni 08:14 na kwa mwenzetu wa Kinshasa ni 07:14. Tukizungumza kwa simu kutafuta nini kilitokea wakati gani, tumekubaliana kusoma UTC peke yake.

Kuhusu gharama, mradi ulio wazi kwa umma hautozwi kwenye mashine za kawaida. Mradi wa faragha kwenye mpango wa bure unapewa dakika 2,000 kwa mwezi, na muda wa kila kazi unapandishwa hadi dakika kamili. Hatari si kazi nyingi fupi, hatari ni kazi iliyokwama. Usipoweka kikomo, kazi inaachwa iendelee hadi dakika 360, yaani saa 6, huku duara la njano likizunguka na logi ikiwa kimya. Zikikwama tano, 1,800 zimekwenda. Ya sita inamaliza mwezi. Andika "timeout-minutes: 15" kwenye kila kazi, au kiasi kinachokutosha. Na logi ikinyamaza muda mrefu, mara nyingi kuna amri inayosubiri mtu ajibu "y", na kule hakuna mtu.

Nisichokipenda ni jinsi alama za kijivu na za njano zilivyopangwa. Kazi ikirukwa kwa sababu ya sharti la "if", kwa anayesubiri ruhusa ya kuunganisha msimbo wake na ule mkuu inahesabiwa kuwa imefaulu. Lakini mtiririko mzima (kundi lote la kazi) ukirukwa kwa sababu ya kichujio cha njia za faili, yaani sharti la kuuendesha tu faili fulani zikibadilika, ukaguzi uliowekwa kuwa wa lazima unabaki "Pending" (unasubiri) bila mwisho, na ombi la kuunganisha linazuiliwa. Matendo mawili yanayoonekana kuwa ya aina moja yanatoa majibu yanayopingana. Imeandikwa kwenye maelekezo, sawa, ila mtu anayeangalia duara la njano hana njia ya kujua kwamba hakuna kazi yoyote inayoendeshwa. Vilevile hatua yenye "continue-on-error" (endelea hata kosa likitokea) inaweza kuanguka na kazi nzima ikabaki kijani. Naiona kuwa ni mlango ule ule wa uongo, na kwetu haitumiki isipokuwa mtu ameandika sababu pembeni yake.

Kwa mega zetu za intaneti, kilichonisaidia kuliko vyote ni programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri) iitwayo gh. Ukurasa wa logi kwenye kivinjari ni mzito, na mtandao ukiwa dhaifu unafunguka nusu. Badala yake naandika "gh run list" kupata namba ya kazi, kisha:

gh run view NAMBA --log-failed > logi.txt

Inaleta hatua zilizoanguka tu, kama maandishi matupu. Faili ikishaingia kwenye kompyuta, mtandao unaweza kuondoka, mimi natafuta neno "error" humo nikiwa nimetulia. Nikihitaji maelezo zaidi, naanzisha upya kazi zilizoanguka peke yake na kuweka tiki kwenye "Enable debug logging". Logi inakuwa ndefu sana, kwa hiyo siifanyi kuwa desturi. Ukitaka kumbukumbu ya muda mrefu, pakua mapema: kwa kawaida logi zinafutwa baada ya siku 90.

Tahadhari moja juu ya siri. Neno la siri ulilolisajili linafichwa kwa nyota tatu popote linapotokea kwenye logi, na kinga hiyo inafanya kazi vizuri. Lakini ukiligeuza kuwa base64 (namna ya kuandika data kwa herufi nyingine) kisha ukalichapisha, usitegemee kwamba umbo hilo jipya nalo litafichwa. Kabla hujamtumia mtu wa nje logi ya debug kwa WhatsApp, isome mwenyewe yote.

Kitu cha mwisho tulichoongeza ni muhtasari. Chochote unachokiandika kwenye faili la $GITHUB_STEP_SUMMARY kinaonekana kwenye ukurasa wa muhtasari wa kazi, bila kufungua logi. Sisi tunaandika kwa Kiswahili: majaribio mangapi yamepita, mangapi yameanguka, jina la jaribio la kwanza lililoanguka, na faili gani lifunguliwe. Namba hizo zinachukuliwa kutoka kwenye ripoti ya XML ya majaribio, hazitegemei rangi. Ripoti isipopatikana, muhtasari unaandika "Majaribio hayakuendeshwa" na hatua inatoa 1, ili kazi ambayo haikujaribiwa isipate tiki. Mama mwenye kampuni, ambaye hajawahi kuandika msimbo, sasa anaufungua mwenyewe kwenye simu kabla ya kuturuhusu kupeleka toleo jipya sokoni, na akikuta jaribio limeanguka anauliza kwa jina lake.